Siri ya Vidonda vya Tumbo: Uchambuzi wa Kisa cha Binti Anayeishi na Kifafa Mkoani Dodoma

## Kabla ya kisa

Kisa hiki kinatoka kliniki ya afya ya akili ya hospitali moja ya wilaya mkoani Dodoma. Mimi ni afisa ustawi wa jamii wa kliniki hiyo, na nimekiandika kwa ajili ya wenzangu: wauguzi, matabibu, maafisa ustawi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaokutana na watu wenye kifafa kila wiki. Jina la binti si lake, nimemwita Nyemo. Kijiji sikitaji, na mambo kadhaa ya familia nimeyabadilisha ili asitambulike. Kabla ya kuyatoa maandishi haya nilimsomea yeye na bibi yake, mwanzo hadi mwisho. Bibi alicheka mara mbili. Nyemo alitaka jambo moja liondolewe, na limeondolewa.

Niseme mapema kwamba kwa upande wa dawa, kifafa cha Nyemo hakikuwa kigumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi, na tangu mwanzo tuliona kuwa Nyemo angekaribia kundi hilo. Kilichotusumbua mwaka mzima ni nani anajua, nani haruhusiwi kujua, na nani ana haki ya kusema. Hapo tulikosea vibaya, na sehemu kubwa ya kosa ni yangu.

## Usuli

Nyemo alikuwa na miaka 21 tulipoanza naye. Baba yake alishafariki. Aliishi na mama yake, bibi mzaa baba, na kaka zake wawili, katika nyumba ya tembe iliyoongezewa chumba kimoja cha bati. Mwenye kauli katika boma ni baba mkubwa, kaka wa marehemu, ambaye nyumba yake iko hatua chache tu kutoka hapo. Wanalima uwele na karanga, wana mbuzi, na kaka mkubwa huenda mjini kufanya vibarua vya ujenzi.

Akiwa na miaka miwili alipata malaria kali na degedege la muda mrefu, akalazwa. Huenda ndiko kulikoacha kovu kwenye ubongo, ingawa hatuna picha ya kuthibitisha. Kuanguka kwa mara ya kwanza kulikuja akiwa na miaka 12, shambani, wakati wa palizi. Miezi michache baadaye akaanguka shuleni, mstarini asubuhi, akajikojolea mbele ya wenzake. Alikuwa darasa la sita. Mama aliambiwa akae naye nyumbani mpaka apone. Hakuna aliyemwita arudi.

Ilianza safari inayojulikana: mganga, chale kwenye paji la uso, hirizi, kisha maombi. Akiwa na miaka 15 ndipo alipoanzishiwa dawa ya kifafa, fenobabitoni, katika zahanati ya jirani, vidonge viwili vya miligramu 30 kila usiku. Kuanguka kukapungua kutoka karibu kila wiki hadi mara moja au mbili kwa mwezi. Zahanati ikaridhika, na familia pia.

Nyumbani alikuwa na kikombe chake cha bluu na sahani yake, na hakuna mwingine aliyevigusa. Hofu ya mate na mapovu haikuanzia Ugogo wala haitaishia hapo: daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliikuta hofu hiyohiyo kwa Wapogoro. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala mkojo, wala hewa inayomtoka mgonjwa. Kila mtu kliniki anajua hivyo. Lakini ukikulia kwenye nyumba ambayo kikombe chako huoshwa peke yake, utakuwa umeshafundishwa jambo jingine kabla hujakutana na muuguzi.

Halafu kuna uongo uliobeba kisa chote. Majirani waliambiwa Nyemo ana vidonda vya tumbo. Ulikuwa uongo mzuri kwa kweli: unaeleza vidonge vya kila siku, unaeleza kwa nini binti haendi mbali, na hauharibu posa ya mtu. Wazee wa Ugogo, kama wazee wa sehemu nyingi za nchi hii, kabla ya kuoza hupeleleza ukoo: kuna kifafa? kuna ukoma? kuna uchawi? Mama alikuwa na wavulana wawili wa kuoza. Basi kwenye kila sherehe Nyemo alinyimwa maharage na pilipili, ili uongo usimame. Miaka sita hajala maharage mbele za watu.

## Jinsi alivyotufikia

Aliletwa mwezi Juni, si kwa ajili ya kifafa bali kwa kuungua. Mkono wa kushoto, kutoka kiganja hadi karibu na kiwiko. Kitabu cha wodi kiliandikwa "ameangukia moto". Yeye mwenyewe, siku ya tatu, alinieleza hivi:

"Sikuanguka. Nilikuwa nasonga ugali. Nikasikia kitu kinapanda kutoka tumboni, kama gari likishuka mteremko kwa kasi. Nilipozinduka nimesimama palepale, mwiko uko mkono wa kulia, na huu mwingine nimeuegesha kwenye figa."

Muuguzi wa zamu ya usiku ndiye aliyeunganisha habari. Usiku wa pili alimwona Nyemo ameketi kitandani macho wazi, anatafuna bila kitu mdomoni, vidole vinachezea pindo la shuka. Alimwita, hakujibu. Baada ya kama dakika moja akaangaza macho, akauliza alikuwa wapi. Muuguzi akatazama saa, akaandika, akamwita tabibu. Ningependa kumtaja kwa jina hapa, ila nikimtaja nitakuwa nimeitaja hospitali.

Kumbe miaka mitano nyuma zahanati ilishamwandikia rufaa ya kuja kwetu. Barua ilikuwa na maneno "Kliniki ya Afya ya Akili". Mama aliikunja, akaificha chini ya nguo sandukuni. Nchini kwetu huduma ya kifafa hutolewa kwa sehemu kubwa ndani ya kliniki za afya ya akili, na Dodoma jambo hilo lina uzito wa pekee. Hapa ndipo ilipo Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na jina hilo halihitaji maelezo: hata watoto wa shule ya msingi hutishiana nalo. Mama alisoma "akili" akaona kesho kijiji kizima kitasema binti yake ni chizi. Simlaumu. Ningekuwa yeye sina hakika kwamba ningeipeleka.

## Yaliyofuata

### Majina mawili

Mahojiano ya kwanza ya maana yalikuwa Julai, mimi na tabibu, tukiwa na Nyemo, mama na bibi. Niliuliza kifafa kinampata mara ngapi. Mama akasema mara moja kwa mwezi. Nikauliza na ile ya kutafuna? Kimya. Bibi ndiye aliyejibu: "Ile si kifafa. Ile ni pepo."

Kwa familia yalikuwa magonjwa mawili. Kuanguka na kutupa mikono ni kifafa, na dawa yake iko zahanati. Kushangaa, kutafuna na kupapasa nguo ni pepo, na dawa yake ni maombi. Kwa sababu hiyo miaka yote daftari la zahanati lilihesabu kuanguka tu, na kila mara likaonyesha maendeleo. Pepo halikuandikwa. Na pepo ndilo lililomchoma mkono.

Tabibu alieleza kwamba vyote vinatoka mahali pamoja. Umeme wa ubongo ukivurugika sehemu moja, mtu hunyamaza na kutafuna. Ukienea ubongo mzima, huanguka. Ile hali ya kitu kupanda tumboni ndiyo mwanzo wenyewe. Bibi alisikiliza, hakubisha, hakukubali. Tukaafikiana tuhesabu kwanza.

Bibi hajui kusoma. Tulimpa kopo tupu la maziwa ya unga, naye akachagua punje mwenyewe: akianguka, haragwe moja, akitafuna, choroko moja. Maharage aliyokatazwa kula yakawa ya kuhesabia. Mwisho wa Julai kopo lilikuja na maharage 2 na choroko 23. Bibi alizimwaga mezani, akazipanga kumikumi kwa kidole, akamtazama mama. Hatukuhitaji kusema kitu.

### "Ingekuwa nafuu kwa mama"

Siku hiyohiyo, tukiwa wawili, Nyemo aliniambia kwamba akilala asiamke ingekuwa nafuu kwa mama. Nilimuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Wapo wenzetu wanaoogopa swali hilo wakidhani litampa mtu wazo. Halimpi. Humpa mlango wa kusemea. Alijibu kwamba aliwahi kuweka akiba ya vidonge, kumi na kitu, kwenye pindo la kanga, kisha akavirudisha.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, huambatana sana na kifafa, na fenobabitoni yenyewe inaweza kumfanya mtu awe mzito na mwenye huzuni. Ikinywewa nyingi kwa pamoja inaua, kwani husimamisha upumuaji. Hayo mawili yalibadili mpango wetu.

### Mkutano

Agosti na Septemba zilikwenda vizuri. Kopo la katikati ya Septemba lilikuwa na choroko 9, haragwe hakuna. Nikapata ujasiri nisiostahili.

Nilikwenda kuwatembelea nyumbani kwa gari la hospitali, lenye maandishi ubavuni. Mtendaji wa kijiji aliona gari, akaja, akauliza kama naweza kusema machache kwenye mkutano wa kijiji wiki ijayo, "kuhusu afya". Nilikubali kwa furaha. Nilisema juu ya kifafa. Nilisema vizuri, watu waliuliza maswali, nikaeleza mate, nikaeleza kijiko mdomoni, nikaeleza kumlaza mtu ubavu. Kisha mama mmoja wa nyuma akauliza, bila ubaya wowote: "Kama yule binti mliyekuja kumwona wiki iliyopita?"

Shingo zote ziligeuka upande mmoja. Chini ya mbuyu ule nilijua nimefanya nini, na sikuwa na neno la kulirudisha. Mama yake Nyemo alikuwa amekaa mstari wa tatu. Aliinuka, akafunga kanga, akaondoka.

Wakati huo huo kaka mkubwa alikuwa katikati ya posa, mahari imeshaanza kuzungumzwa. Siku nne baada ya mkutano, upande wa binti ulituma ujumbe kwamba wanaomba muda. Baba mkubwa aliyaelewa maneno hayo kama yalivyokusudiwa. Akapiga marufuku mtu yeyote wa boma lile kwenda hospitali.

### Wiki saba

Kwa wiki saba hatukumwona Nyemo. Zahanati ya jirani haikuwa na kabamazepini, dawa ya kifafa tuliyokuwa tumembadilishia. Dawa tulizokuwa tumempa zilikuwa za wiki mbili tu, na nitaeleza chini kwa nini. Mimi nilipiga simu mara mbili, ikapokelewa na kukatwa, nikajiambia tuwape nafasi wapoe. Neno "nafasi" lilikuwa aibu yangu niliyoivika nguo nzuri.

Mwisho wa wiki ya saba, usiku, Nyemo alianguka mara nne, na kati ya tatu na ya nne hakuzinduka. Kaka mkubwa, yuleyule ambaye posa yake ilikuwa imesimama, alikwenda kumwamsha mtu wa bodaboda, wakampakia mshikaki, yeye nyuma amemkumbatia dada yake ili asidondoke. Zahanati ilimpa dayazepamu kwa njia ya haja kubwa, degedege likakata, akaletwa kwetu alfajiri. Alilazwa siku tatu, akarudishiwa dawa, akaruhusiwa. Siku zote tatu mama hakunisemesha.

Wiki iliyofuata bibi alikuja kliniki peke yake, kwa basi, na kopo lake kwenye kapu. Aliliweka mezani. "Niliacha kuhesabu," alisema. "Zilizidi punje." Nilimuuliza kama baba mkubwa anajua yuko hapa. Alisema: "Yeye ni mkubwa wa boma, lakini mimi ndiye niliyemzaa."

### Kuomba radhi

Desemba, mvua za kwanza zimeshanyesha na watu wako mashambani, nilikwenda na muuguzi mwenzangu kwa bodaboda, jioni, bila sare na bila gari. Bibi alikuwa ametuandalia njia. Tulikaribishwa na baba mkubwa, tukasalimiana mbukwenyi, tukaulizana habari za mvua na mbegu kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha akauliza swali moja: "Mlipokwenda kusema kule, ruhusa mliomba kwa nani?"

Nilimjibu kwamba sikumwomba yeyote. Si yeye, si mama, si Nyemo. Sikuongeza "lakini". Nilikuwa na lakini nyingi njiani: kwamba sikutaja jina, kwamba elimu ni kazi yangu. Muuguzi alikuwa amenionya nisizitoe hata moja. Baba mkubwa alinyamaza, akaita uji. Tulikunywa. Nyemo alinywea kikombe cha bluu.

Tulikuwa tumekubaliana na bibi kwamba sisi tusipendekeze chochote siku hiyo. Mazungumzo ya nani aambiwe nini yalifanywa na familia yenyewe, na tulipoitwa tena Januari tulimkuta Nyemo ana orodha kichwani: watu watano. Mtendaji hakuwemo. Mchungaji hakuwemo, jambo lililomshangaza mama. Fundi cherehani wa senta, mwanamke anayepokea wanafunzi, alikuwa wa kwanza.

## Maamuzi na sababu zake

Kubadili dawa. Tabibu alichagua kabamazepini kwa sababu kifafa cha Nyemo huanzia sehemu moja ya ubongo, na kwa sababu ya uzito na huzuni iliyoambatana na fenobabitoni. Ilianzishwa kidogo kidogo, na fenobabitoni ikashushwa taratibu kwa miezi. Dawa za kifafa hazikatwi ghafla, na usiku ule wa Novemba ulionyesha kwa nini. Familia iliambiwa pia kwamba akitokwa na upele wiki za mwanzo arudi haraka.

Kumpa dawa za wiki mbili mbili. Kwa mtu aliyewahi kuweka akiba ya vidonge, tuliona ni hatari kumpa vya miezi miwili. Bibi akawa mtunzaji. Uamuzi huo peke yake ulikuwa sahihi, na bado naamini hivyo.

Kuzungumza kwenye mkutano. Sababu niliyojipa ni kwamba unyanyapaa ni wa kijiji, basi dawa yake ipelekwe kijijini. Sababu nyingine, ambayo sikuiandika kwenye ripoti ya robo mwaka, ni kwamba ripoti ilihitaji safu ya "elimu kwa jamii" ijazwe.

Kumfundisha Nyemo kusema mwenyewe. Tulifanya mazoezi mara nne kliniki, muuguzi akijifanya fundi. Mwanzo Nyemo alitaka aeleze kila kitu tangu degedege la utotoni. Tukapunguza mpaka yakabaki maneno haya: "Nina kifafa, natumia dawa. Ukiniona nimenyamaza natafuna, usinishike, ondoa kitu cha moto karibu yangu, nitazinduka. Nikianguka nilaze ubavu, usinitie kitu mdomoni, tazama saa; ikipita dakika 5 nipelekeni zahanati." Alitaka neno "samahani" liwepo mwanzoni. Tulibishana juu ya neno hilo zaidi ya dawa zote. Mwisho aliliondoa mwenyewe.

Februari alikwenda kwa fundi na bibi yake. Sisi hatukwenda. Tulivyosimuliwa, fundi alisikiliza huku anapinda suruali, akasema cherehani zake ni za kukanyaga hazina umeme, pasi ya mkaa atashika mwanafunzi mwingine, na je, ada ya mafunzo wataleta lini?

## Matokeo

Ninaandika miezi 14 baada ya kuungua. Hajaanguka tangu aliporudishiwa dawa. Choroko ni moja au mbili kwa mwezi, na mwezi uliopita haikuwepo. Dawa sasa zinatunzwa na muuguzi wa zahanati ya kijiji, anazichukua hospitali kila mwezi na kumpa Nyemo za wiki mbili. Usingizi umerudi. Swali la kujiua tunaliuliza kila hudhurio, na jibu limekuwa hapana tangu Machi.

Anashona sare za shule na mashuka ya kitanda. Ameshapata hali ya kutafuna mara mbili akiwa kibandani. Mara ya kwanza wenzake walikimbia wote isipokuwa fundi. Mara ya pili walisubiri.

Si yote yaliyokwenda sawa. Posa ya kaka mkubwa ilivunjika kabisa. Amepata kazi mjini, haji nyumbani mara kwa mara, na mimi hajanisalimia tena. Bibi bado huamka usiku kusikiliza pumzi. Mama hajamruhusu kupika peke yake, na katika hilo niko upande wa mama. Kikombe cha bluu kipo. Mama alipomwambia kwamba sasa anaweza kutumia chochote, Nyemo alikataa: amekizoea, na hataki mtu mwingine akiguse.

## Uchambuzi

Lililosaidia kuliko yote ni punje. Tungebaki na swali la "kinampata mara ngapi" tungeendelea kutibu nusu ya ugonjwa. Ukifanya kazi kwenye jamii ambayo hali moja ina majina mawili, uliza kwa jina la kila moja, na uliza bila kucheka. Bibi hakuacha kuamini pepo kwa sababu tulimshinda kwa hoja. Aliacha, kama kweli ameacha, kwa sababu choroko zilipungua kwa vidonge vilevile vilivyopunguza maharage.

Uamuzi wa wiki mbili na uamuzi wa mkutano vilikuwa vyetu, vilifanywa na watu walewale, na hakuna aliyekaa akaviweka pamoja. Ukimpa mtu dawa kidogo, uhai wake unategemea njia ya kurudi kwako iwe wazi. Na muda si mrefu tukaenda kuifunga njia hiyo sisi wenyewe. Suluhisho la zahanati kutunza dawa lilikuwepo tangu Julai. Hatukuliona kwa sababu zahanati ile ilikuwa "haina" kabamazepini, tukachukulia kwamba haiwezi hata kutunza ya mtu mmoja.

Kuhusu mkutano nimebishana na wenzangu wengi. Mmoja aliniambia kwamba mwishowe ulisaidia, kwa sababu siri iliyovunjika ndiyo iliyomwezesha Nyemo kujitokeza. Sikubaliani naye. Nyemo alijitokeza Februari kwa watu watano aliowachagua, na maneno aliyoyachagua. Mkutano ulimtoa Septemba kwa watu mia mbili bila kuulizwa. Kama hayo mawili yanafanana, basi kuvuliwa nguo na kubadili nguo ni jambo moja. Uongo wa vidonda vya tumbo ulikuwa na kazi yake: ulikuwa unalinda posa, na unamlinda Nyemo dhidi ya maneno. Tulipaswa kwanza kuuliza unalinda nini, na baada ya hapo ndipo tuulize nini kitachukua nafasi yake. Elimu kwa jamii ni muhimu, ila katika kijiji chenye mgonjwa mmoja anayejulikana kutembelewa na gari lako, elimu ya jumla haipo. Leo nikiombwa kusema, nasema katika kata nzima, baada ya msimu, juu ya magonjwa manne matano pamoja, na gari linabaki hospitali.

Kaka mkubwa tulimsahau. Kwenye jalada letu hana hata mstari mmoja kabla ya usiku wa bodaboda, wakati yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza kuliko wengine wote. Tungemwita mapema, pengine angetueleza habari za posa, nami nisingethubutu kusimama chini ya mbuyu ule.

Hata tiba ya sonona ilikuwa hafifu. Tulimpa Nyemo mazungumzo ya nusu saa mara moja kwa mwezi, na kilichomnyanyua zaidi nadhani ni kibanda cha fundi.

Limebaki moja ambalo bado linaendelea. Mwezi uliopita Nyemo aliuliza habari za uzazi. Tabibu alimweleza kwamba wanawake wengi wenye kifafa huzaa salama, kwamba mimba ipangwe mapema ili dawa ziangaliwe na aanze foliki asidi kabla ya kushika, na kwamba kabamazepini hupunguza nguvu ya kijiti na vidonge vya uzazi wa mpango, hivyo akihitaji kinga afikirie kitanzi au sindano. Alisikiliza yote. Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza: mtu akitaka kumposa, aambiwe kabla ya barua ya posa au baada?

Nilifungua mdomo, nikakumbuka mbuyu. Nikamuuliza yeye anaonaje. Alifikiri kidogo, akasema atamuuliza kwanza bibi.